Gari ya Courant Haikamatwi

Lori lilikuwa letu. Naanza hapo kwa sababu baadaye watu wengi walilisema kana kwamba ni la mji, la askari, la maendeleo, sijui la nani. Lilikuwa letu, mimi na mume wangu, tumelipata kwa kuuza maharagwe na vitunguu ambavyo ndugu zangu walikuwa wakituletea kutoka Butembo. Yeye ndiye aliyeliendesha. Kazi yake ilikuwa moja: kutoa mizigo bandarini Kisangani na kuipeleka kwenye depo za wafanyabiashara, kutwa nzima, kwenda na kurudi. Hakuwa mtu wa safari ndefu. Alipenda kula nyumbani mchana, na kama lituma haikupondwa vizuri, ndizi zina mabonge, alisema, tena mbele ya wageni.

Vita vilipokuja, mto ulifungwa upande wa chini. Maboti ya Kinshasa yakakoma. Bandarini zikabaki mashua za mbao zilizoleta mchele na mafuta ya mawese kutoka Isangi, na mitumbwi ya Lubunga ikivuka na mihogo. Mazutu, dizeli ya magari, yakawa yanakuja kwa ndege kutoka mashariki, na yakishuka yanaenda moja kwa moja kwa askari. Sisi raia tuliuziwa yaliyobaki kwa chupa, kama dawa ya kikohozi. Magari mengi yakalala. Vijana wakachukua baiskeli, wakafunga kitambaa kwenye kiti cha nyuma, wakaanza kubeba watu; ndizo hizo toleka mnazozipanda mpaka leo. Lakini baiskeli haiwezi kumaliza mchele wa mashua nzima, kwa hiyo malori machache yaliendelea kufanya kazi, na letu lilikuwa mojawapo.

Tabu yetu haikuwa mazutu. Tabu yetu ilikuwa kukamatwa. Askari akihitaji lori alisimama katikati ya barabara, akainua bunduki, akapanda. Na hakuchukua lori peke yake, kwa sababu malori yetu ya kizee yalimsikiliza mwenyewe tu. Alilichukua na dereva wake, wakaenda naye njia ya Bengamisa, kule kwenye mapigano. Dereva mmoja, jirani yetu pale mtaani Tshopo, alikwenda hivyo. Mkewe alingoja, akachoka kungoja, akaja kwangu kuniomba nimuulizie kwa mume wangu kama bandarini wamesikia neno. Hawakuwa wamesikia. Mwenye nguvu mpishe, watu walimwambia, eti hiyo ndiyo faraja. Na wale wanaopenda maneno makubwa wakasema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Aka! Mimi sikuwa nyasi. Mimi nilikuwa na mume, na nilimtaka abaki nyumbani.

Basi kila jioni alitoa gurudumu moja la lori, akaliviringisha mpaka chumbani, tukalala nalo. Chumba kilinuka mpira na tope la bandari. Asubuhi alilirudisha. Na siku askari walipoanza kuzunguka mchana, alilitoa pale pale bandarini, akalikalia, akajifanya ana pancha. Huo ndio ulikuwa ujanja wetu wote.

Halafu akaja yule bwana wa usafiri. Sijui waliomweka walimtoa wapi. Serikali ya vita ina ofisi nyingi kuliko serikali ya amani. Alisimama juu ya mizani ya bandari, suruali imepigwa pasi, kipaza sauti mkononi, akasema mji umeamua kuwapa wenye malori encouragement. Watu wakaguna. Kwetu encouragement ni kile unachompa mtu mwenye cheo ili afanye kazi ambayo tayari analipwa. Hatukuwahi kuona ikitoka juu kuja chini.

Akaeleza. Mazutu ni ya kulinda nchi, alisema, siyo ya kubeba mchele. Lakini barrage ya mto Tshopo, bwawa la umeme, bado inazunguka, na courant iko, umeme wa bure unapotea majini. Mwenye lori akitoa injini ya mazutu, akaweka mota ya umeme na betri, mji utamshika mkono.

“Gari yenye itaingia ku courant,” akasema, “itapita ya kwanza ku bandari, haitapanga mustari. Taxe ya barrière, hapana. Batri zake tutazijaza bure, pale karibu na barrage. Na tena…” Akanyamaza kidogo. Alikuwa fundi wa kunyamaza huyo. “Na tena, gari ya courant haikamatwi. Askari yeyote, chef yeyote: haikamatwi!”

Bandari nzima ililipuka. Wapagazi walimbeba mume wangu juu juu, wakiimba, “Gari haikamatwi! Gari haikamatwi!” Nilikuwa nimempelekea chakula, nikaona sahani yangu inamwagika, na sikujali.

Lazima niwaeleze jambo moja la bandari yetu, maana msipolijua mtatuona wajinga. Pale dereva haitwi jina lake, wala haitwi dereva. Anaitwa gari. “Gari iko na homa leo,” maana yake mwenyewe ana malaria. “Gari imegombana na bibi yake.” Mimi nilikuwa “bibi ya gari,” na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wapagazi walikuja mlangoni na kuku wakipiga kelele, “Gari imezaa!” Na Kiswahili chetu cha Kisangani hakimtengi mtu na kitu: mutu iko, mbuzi iko, gari iko, hata Mungu iko. Walimu wa shule wanatucheka kwa hilo. Sisi tulikuwa tunaelewana vizuri tu, wala hatukuwahi kukosana juu yake.

Jioni ile hatukuviringisha gurudumu. Tulikaa uani, mume wangu anazungumza kwa mikono yote miwili.

“Fikiri, mama,” akaniambia. Aliniita mama kwa ajili ya watoto. “Hata kama wanataka kunipeleka Bengamisa, tutafika na nini? Batri itakufa mbele ya kutoka ku muji. Hii gari itakuwa kama mbuzi wa kamba, na kamba imefungwa ku barrage.”

“Na wakikukamata wewe tu?”

“Mie bila gari, watanifanyia nini? Niko na miaka ya kubeba bunduki, mie?”

Alicheka, nami nikacheka. Tulikubaliana wote wawili, kwa akili zetu, mchana kweupe. Aje mtu leo aniambie tulikuwa wapumbavu, nitamuuliza yeye alikuwa amepata wazo gani bora siku zile.

Tonton wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi umeme wa kiwanda kimoja kilichofungwa na vita. Pale kulikuwa na gari dogo la umeme la kuinulia mizigo, limekaa bure, panya wamezaa ndani. Tonton alitoa mota yake. Betri alizikusanya kwenye magari yaliyolala, akazipanga chini ya bodi ya lori, akaunganisha waya, akaungua vidole, akatukana kwa Kilingala, akaunganisha tena. Lori lilipotikisika mara ya kwanza bila sauti, mama wa jirani alifanya ishara ya msalaba.

Likabaki sharti moja. Injini ya mazutu lazima ikabidhiwe ofisini. Yule bwana alikuwa na maelezo mazuri: “Mutu akibaki na moteur mbili, ni sawa na mutu wa bibi mbili. Leo atalala huku, kesho atalala kule. Donc tunachukua ya zamani, njo tutajua umebadilika kweli.” Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, lakini nilimwona siku ile akiiosha injini kwa petroli, kila bomba, kila skrubu, taratibu. Ilikuwa injini ya kizee yenye tabia zake. Ukiiwasha vibaya inakataa. Ilimpasa kushika kitu kwa mkono wa kushoto, ageuze kitu kwa wa kulia, na kuibembeleza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Iliwekwa juu ya mkokoteni, ikafunikwa turubai, ikaenda. Akarudi ndani akaniambia ana njaa.

Na nitasema ukweli: encouragement ilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wangetudanganya kwa kila kitu, ningewajua tangu mwanzo. Hapana. Mlinzi wa bandari alimfungulia mume wangu geti kabla ya wengine wote, na wale wa foleni wakamsonya. Kwenye barrière, vile vizuizi vya barabarani, hawakumuomba kitu. Kituo cha betri kilikuwa karibu na maporomoko, aliacha lori pale jioni, akarudi kwa miguu, mikono mfukoni, anapiga mluzi. Lori lilikwenda polepole mno. Kwenye mpando wa kutoka mtoni wapagazi walilisukuma wakiimba nyimbo za matusi. Halikuwa na mlio wowote, kwa hiyo wenye toleka waligongana nalo, wakaanguka, wakaanza kumtukania wazazi. Akawa anatoa kichwa dirishani anapaza sauti, “Courant! Courant inapita!” Watoto wa njiani wakamjibu. Alinenepa kidogo. Alilala fofofo, hageuki.

Hata askari walikuja kulijaribu. Walikuja bandarini na afisa wao mmoja mrefu, mgeni, asiyejua Kilingala. Alipanda ndani, akakanyaga, lori likaenda kama kobe mpaka ukuta wa depo, likasimama. Afisa akacheka mpaka akashika tumbo. “Hii itafika wapi?” akauliza. Mume wangu akamjibu kwa heshima kubwa, kofia mkononi, “Mkubwa, haifiki fasi.” Haifiki mahali popote! Wakashuka, wakaenda zao. Mchana ule alikula lituma yenye mabonge na hakusema neno.

Wenye malori wengine wakaanza kuja kwetu kumuuliza tonton bei ya waya. Injini zao nazo zikaenda kwenye ofisi ile moja baada ya nyingine, zimeoshwa, zimefunikwa turubai. Hatukujiuliza zinafanya nini kule. Nani atauliza habari za chuma kilichotolewa? Sisi tulikuwa tunahesabu waume waliobaki nyumbani.

Walikuja Jumapili, tumetoka misa, bado ana shati lake jeupe. Askari wawili na karani wa ile ofisi ya usafiri. Walibisha hodi. Hilo peke yake lilitosha kunitisha, kwa sababu askari wa wakati ule hawakuwa watu wa hodi.

Karani akasema, “Mama, tunatafuta chauffeur.”

Neno hilo, dereva kwa Kifaransa, lilinigonga. Bandarini hakuna aliyelitumia. Nikajibu kwa mazoea, “Gari iko nakunywa chai.”

Askari mmoja akageuka kulitazama lori letu, ambalo Jumapili lilipumzika nyumbani chini ya mchikichi, akanitazama mimi, akamnong'oneza mwenzake.

Mume wangu akatoka na kikombe mkononi. Wakamweleza, tena kwa upole. Lori moja la jeshi lilikuwa limeunguza injini. Wamelitilia ile ya kwetu, ya ofisini. Basi inakataa kuwaka. Mafundi wao wamejaribu, imekataa, wameipiga, imekataa. Na ile gari inatakiwa Bengamisa na mzigo. Donc aje mara moja aiwashe.

“Nitaiwasha, nitarudi?” akauliza.

“Ikizima njiani nani ataiwasha?” askari akasema. Hakuwa hata na hasira.

Mimi sikunyamaza. Nilimshika karani kola. Nikamwambia, nyie mlisimama juu ya mizani, mbele ya watu, mkasema gari haikamatwi! Mlisema chef yeyote, askari yeyote! Karani alijitoa mikononi mwangu, akanyoosha shati lake, akaelekeza kidole chini ya mchikichi.

“Gari si iko pale, mama? Nani ameigusa?”

Mume wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona akielewa. Aliweka kikombe juu ya dirisha, pole pole, akaniambia, “Mama, usisahau maji ya batri. Tonton atakuonyesha.” Akaenda nao na shati jeupe. Hakubadilisha hata viatu.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa yule bwana wa pasi. Alinipokea amesimama. Wakati wa kuahidi alisema Kiswahili chetu, na iko zake zote. Siku ile akawa hajui ila Kifaransa. “Le véhicule, madame. Le véhicule seulement.” Yaani chombo tu, siyo mtu. Nikamwambia mimi Kifaransa chako nakisikia, lakini bandarini hukusema véhicule. Ulisema gari, na kila mtu pale anajua gari ni nani. Akaguna. Akasema mji hauwezi kuendeshwa kwa lugha ya wapagazi. Kisha akanikumbusha kwamba lori la umeme likikaa bila kufanya kazi linapoteza nafasi yake getini, na ingekuwa vizuri nitafute dereva mwingine haraka.

Nilimtukana. Nilimtukania mama yake kwa Kilingala, maana Kilingala kina matusi yaliyonyooka. Walinzi wake wakanisindikiza nje. Huko nje nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, sikuona haya, na watu walipita.

Kwa muda nilipata habari. Vijana wa baiskeli waliokuwa wanatoa mchele Bengamisa waliniletea. Mmoja alimkuta kando ya barabara, boneti limefunguliwa, amevaa koti la jeshi bila kifungo juu ya shati lililokuwa jeupe. Alimpa salamu: “Ambia bibi yangu gari iko muzima.” Nikamuuliza kijana, je, amekonda? Akasema kidogo. Mwingine akamwona mbali zaidi, upande wa Banalia, hakuruhusiwa kusimama. Halafu mvua zikaanza, na vijana wa baiskeli wakawa wanapita mlangoni kwangu haraka haraka, wakitazama upande wa pili. Hapo nilijua kuna neno wanalolijua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulisema, nami sikuwa na moyo wa kumvuta mtu shati.

Lori sikulitafutia dereva. Wafanyabiashara walikuja kuniomba, ndugu zangu wenyewe walikuja, wakaniambia nafasi ya kwanza getini ni mali, mjane hachezi na mali. Nilimfukuza aliyetamka mjane. Maji ya betri niliyatia kama alivyosema, tonton akinielekeza. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Siku niliyoisikia ile injini, nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo. Ilitokea upande wa daraja la Tshopo. Injini zote zinanguruma, lakini ile ilikohoa kabla ya kubadilisha gia, kikohozi cha mzee, na nilikuwa nimepika chakula cha mchana kwa kikohozi hicho miaka mingi. Nikikisikia kwenye kona, ndipo nilipoondoa sufuria motoni. Nilitupa mtwangio. Nilikimbia na mikono ya kijani, kitenge kinafunguka, mama wa jirani ananiita nyuma yangu. Mama weee, nilikimbia! Nilikuwa nacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nacheka.

Lilikuwa lori la jeshi, limejaa askari wenye matope, limekwama nyuma ya mikokoteni karibu na soko. Nikapanda kikanyagio cha mlango, nikaingiza kichwa dirishani. Kwenye usukani kulikuwa na mtu nisiyemjua, wa makamo, mwenye uso wa mtu aliyechoka.

“Gari iko wapi?” nikamuuliza.

Alinitazama. Akapiga mlango kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayemjibu mwenye wazimu. “Njo hii, mama.” Ndiyo hii.

“Mume wangu,” nikasema. “Mwenye kuiendesha. Mwenye hii moteur.”

Askari wa nyuma wakaanza kupiga bodi, aende, aende. Akasema yeye hajui, yeye ni mtu wa Banalia, naye alikamatwa tu. Alioneshwa lori, akaambiwa panda. Injini ilikuwa inawaka tayari na kuna mtu aliyesema isizimwe kabisa, kwa sababu hakuna tena wa kuiwasha. Kiti alikikuta kimeoshwa, bado kina maji.

“Kimeoshwa nini?” nikamuuliza.

Mikokoteni ilikuwa imesogea. Aliingiza gia, injini ikakohoa, na bila kunitazama akaniambia, “Shuka, mama. Utaanguka.”

Nikashuka.